Penati, hedifoni moja na pua ya baba mkwe

Kuna watu unakaa nao karibu kwa raha zako, af kuna watu hata mkipewa benchi moja utasema umechoka kukaa, ngoja ninyooshe miguu. Baba mkwe wangu yuko kundi hilo la pili. Ugomvi hatuna kabisa, tunaheshimiana sana tu, na heshima yetu ina urefu wake, mita 2 hivi, yeye kule mimi huku, shikamoo baba, marahaba mwanangu, kazi zinaendaje, zinaenda baba, basi yameisha, kila mtu anaangalia mbele.

Sasa siku hiyo gari lake likagoma, tukalipeleka kwa fundi, tukaambiwa subirini hapo. Na mechi kubwa inachezwa muda huohuo. Mzee akaanza kujikohoza, mara "hivi saa hizi si wameshaanza?", mara "simu zenu hizi si huwa zinaonyesha mpira?" Ya kwake ni ya vitufe, inakaa na chaji siku kibao na hilo hunikumbusha kila akipata nafasi. Ikabidi nitoe yangu.

Yangu ni inchi 6 na ushee, ukisikia hivyo unadhani sinema, kumbe hizo inchi wanapima kona kwa kona, upana wenyewe kiganja tu. Nikaishika katikati yetu, mzee akainama kidogo, mimi nikainama kidogo, bado heshima ipo. Tatizo likawa sauti, kuna fundi anagonga bodi ya gari kwa nyundo hatusikii kitu, nikachomoa hedifoni za waya mfukoni, sikio moja nikampa yeye moja mimi, na hapo ndo mita 2 zetu zilipokufa. Ule waya unauona mrefu kwa vile unafika mpaka mfukoni, lakini pale unapogawanyika kwenda masikioni ni kafupi, aliyeutengeneza alifikiria kichwa kimoja. Tukawa tumefungwa kama mbuzi wawili kamba moja. Mzee akigeuka kumwangalia fundi, sikio langu linaondoka naye. Akikohoa, nakohoa.

Kulikuwa na mwanaanthropolojia wa Marekani, yaani mtu anayesomea tabia na mila za watu, aliitwa Edward T. Hall, mwaka 1966 aliandika kuhusu umbali ambao watu wanaachiana, akasema chini ya sm 45 ni wapenzi na ndugu wa karibu kabisa, kutoka hapo mpaka mita 1.2 ni marafiki, kuanzia mita 1.2 mpaka 3.6 ndo watu wa shughuli na wasiozoeana. Alikuwa anawaongelea Wamarekani, na enzi hizo simu imekaa mezani na waya wake, hakuna aliyekuwa anaangalia mpira humo. Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye sm sifuri na baba wa mke wangu. Shavu kwa shavu. Ndevu zake zilikuwa zinanichoma kila mpira ukipigwa kona maana alikuwa anazunguka nao, na nikagundua ananyoa upande wa kushoto vizuri kuliko wa kulia, kitu ambacho mkwe hatakiwi kukijua.

Halafu akasema "lete niishike mimi, unatikisika." Miwani ameiacha ndani ya gari na gari liko juu ya jeki, kwa hiyo simu akaipeleka usoni kwake mpaka mimi nabaki naona kisogo cha simu yangu mwenyewe huku nasikiliza mtangazaji kwa sikio moja.

Refa akatoa penati. Sasa nyumba ya pili wana tivii, na mpira wa intaneti unachelewa, penati yetu haijapigwa tunasikia kule wamepiga ukelele "aaaaaah!" na huwezi kujua ni aaah ya goli au ya kukosa. Mzee presha ikapanda, akaisogeza simu mpaka pua ikakaribia kioo. Mpigaji anaanza kukimbia, na hapohapo juu ya kioo inashuka simu ya vidio kutoka kwa mke wangu. Kioo cha simu kinasikia ngozi, hakiulizi hii ni kidole au nini. Pua ikapokea.

Mke wangu hata hakutazama, alikuwa anakunja nguo, simu kaiegesha mahali. Angetazama angeona matundu mawili ya pua na kipande cha sikio langu. Akaanza moja kwa moja, "mume wangu, baba akikuulizia ile suruali yake ya kahawia mwambie hujaiona, mama kaigawa jana, anasema amechoka kuiona."

Nusu ya sentensi ikaingia sikioni kwangu na nusu kwake, hapana, yote iliingia kote kote, ndo ubaya wenyewe. Kumchomoa mzee sikioni siwezi, ni baba mkwe, utaanzaje? Nikakimbilia kuchomoa waya kwenye simu. Sasa simu ya vidio ukiichomoa hedifoni sauti inahamia spika, na spika yangu iko vizuri sana, gereji nzima ikamsikia mama mkwe kwa nyuma, "na lile koti nalo linafuata!"

Nyundo ikanyamaza.

"Koti lipi?" mzee akauliza, simu bado iko puani.

Kimya. Halafu mke wangu, sauti ya kitoto, "shikamoo baba."

"Marahaba. Koti lipi?"

Mtandao ukakata. Mtandao huo naujua, una kidole. Mpira uliporudi wachezaji walikuwa wanatembea kurudi katikati, nikamsomea mzee matokeo pale kwenye kona ya kioo, wala hakusikia. Alikuwa anaangalia mbele, sikio moja bado lina hedifoni isiyochomekwa popote.

Fundi akaja na nyundo yake mpaka kwenye benchi, akachuchumaa kwa adabu zote. "Samahani mzee wangu," akasema, "hiyo ya kahawia, kiuno ilikuwa namba ngapi?"