Ukimgonga mwenzako na gari la miaka 60

Kuna ubishi kwenye mbio za magari ya zamani ambao sioni ukiisha leo wala kesho, dereva akimbie kweli ama aendeshe kwa adabu tu maana gari lenyewe lina miaka 60?

Marekani wana sheria waiita 13/13. Ukimgonga mtu na ikaonekana kosa ni lako unatolewa mashindano yale na unachungwa miezi 13, ukirudia ndani ya muda huo wakufungia miezi 13 mingine. Mbona isiwe 12? Ndio mbio zilezile zikirudi mwaka ujao bado uko kwenye daftari lao, hapo walipiga hesabu wallahi.

Mie niko upande wa sheria na sababu ni ami yangu. Ana Datsun 1200 hapo Majengo, matatu ikamgusa mlango siku moja, kibonyeo cha kiganja tu, basi kazunguka miezi minne atafuta mlango hakupata, mwisho fundi wa bodi akaunyoosha kwa nyundo na puti na rangi haijashikana mpaka leo. Sasa fikiria Ferrari 250 GTO, gari lililotengenezwa chini ya 40 dunia nzima!

Lakini wanaopinga nao wana lao. Goodwood, uwanja wa mbio kule Uingereza, tangu yale mashindano yao ya magari ya zamani waiitayo Revival yaanze 1998, watu walipa tiketi waone magari yakifukuzana bega kwa bega, ukiwaambia madereva waende kama wanasindikiza harusi nani atakuja? Na kuna hili ambalo mie nalikubali kabisa, sheria yamshika aliyegonga tu, yule wa polepole asiyetazama kioo akakata kona mbele ya mwenzake huyo aenda zake nyumbani salama.

Hapa kwetu Safari Classic, ile rali ya magari ya zamani iliyoanza 2003, magari yatoka moja moja kushindana na saa, kwa hivyo kubamizana si sana, adabu iko kwenye vumbi. Wa nyuma amekufikia, amemeza vumbi lako kilomita nzima haoni shimo haoni ng'ombe, na wewe wajifanya humuoni. Hapo hakuna mkwaruzo wa kukushtaki ila umemweka mtu hatarini zaidi ya yule aliyegusa bampa.

Kwa hivyo mie ningeingiza na kutopisha kwenye hiyo 13/13. Ami hataki, yeye asema wafungiwe waliogusa tu, tena maisha, lakini huyo bado ana hasira za mlango wake.