Badilisha mpira, shaba iache: kabureta ya pikipiki ya zamani haifi kirahisi

Kwenye vijiwe vingi vya mafundi wa bodaboda hakukosi ndoo ya kabureta "zilizokufa", kabureta ikiwa ni kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Msimamo wangu ni kwamba nyingi kati ya hizo hazikufa, ziliuawa. Zililetwa zikiwa na uchafu wa kawaida tu, zikachokonolewa kwa waya wa klachi, zikafungwa jeti (vile vipande vidogo vya shaba vyenye tundu la kupimia mafuta) za kifurushi cha ripea cha bei chee, na zilipogoma kutulia mwenye chombo akaambiwa: "Hii imeisha bosi, nunua mpya." Hiyo mpya nayo mara nyingi ni kopi yenye shaba laini na matundu yasiyolingana na nambari iliyogongwa juu yake.

Nazungumzia kabureta yenye pistoni yake yenyewe (si ile ya injini) inayovutwa moja kwa moja na waya unaotoka kwenye mkono wa mafuta, ile ya Honda CG125 na ndugu zake wa Kichina kama SanLG na T-Better, ambayo madukani huitwa PZ26 au PZ27. Injini ya CG ilianza kuuzwa miaka ya 1970 na imenakiliwa mpaka leo, kwa hiyo spea zipo kila mahali. Hilo ni jema, na ni balaa pia, maana urahisi wa kupata spea umetufanya tubadilishe kabla ya kupima.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kosa ni la kabureta kweli. Chomoa mpira wa mafuta, weka chupa ya nusu lita chini, fungua koki. Chupa ikijaa ndani ya dakika tatu au nne, mafuta yanatosha kabisa kwa injini ya cc 125. Mafuta yakianza vizuri halafu yakapungua, fungua kifuniko cha tangi. Yakirudi kwa nguvu, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba na kabureta haina hatia. Angalia pia chujio la hewa na plagi. Pikipiki inayokubali kuunguruma choki ikiwa imewekwa tu ina njaa kwenye jeti ndogo, yaani njia ya sailensi, ule mzunguko wa injini ukiwa hujavuta mkono. Inayotulia vizuri lakini inakosa nguvu ukivuta mkono wote, tazama jeti kubwa au mtiririko wa mafuta. Inayogugumia katikati, tazama sindano ya pistoni na mkao wake. Na ile inayopanda mzunguko halafu ikachelewa kushuka, mara nyingi inavuta hewa ya wizi, yaani hewa inayopenya kwenye kiungio bila kupita ndani ya kabureta.

Sasa turudi kwenye waya wa klachi, maana hapa ndipo uharibifu unapofanyika. Jeti ni shaba, waya ni chuma. Tundu la jeti ndogo nambari 38 ya Keihin, kampuni ya Kijapani ya kabureta, ni takriban milimita 0.38. Ukilichokonoa likafika 0.42, kwa jicho huoni tofauti yoyote, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 22 hivi. Mafuta yatazidi kwenye sailensi, plagi itakuwa nyeusi, na mwenye pikipiki atalalamika kuwa inakula mafuta. Fundi mwingine ataipokea, ataichokonoa tena, na safari ya kwenda kwenye ndoo imeanza. Kama lazima upitishe kitu, menya kipande cha waya laini wa umeme wa nyumbani, ule wenye nyuzi nyingi ndani. Uzi wake mmoja kwa kawaida ni milimita 0.2 na ni shaba nyekundu, laini kuliko jeti yenyewe. Loweka jeti kwanza, pitisha uzi bila kusokota, kisha elekeza jeti kwenye mwanga. Tundu safi huonekana duara kamili lenye ukingo mkali.

Kufungua kwenyewe kuna mtego mmoja mkubwa: skrubu za kikombe cha mafuta kilicho chini ya kabureta. Ni laini, na bisibisi ya msalaba yenye ncha kali haifiki kwenye mabega ya skrubu za Kijapani, hivyo inapanda na kuzichubua. Saga ncha yake kidogo ikae sawasawa, gonga kichwa cha skrubu mara moja kwa nyundo ndogo, ndipo uzungushe. Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, ikaze polepole mpaka iguse chini huku ukihesabu mizunguko, na uandike hesabu hiyo. Ikaze kwa vidole viwili tu. Ukiibana kwa nguvu, ncha yake inachimba kiti chake, na kiti hicho hakiuzwi dukani. Nyuma ya skrubu kuna springi, washa ndogo na oringi, kwa mpangilio huo. Oringi hupenda kubaki ndani, na kabureta nyingi "zisizosetika" zina oringi mbili humo au hazina hata moja.

Jeti kubwa ikitoka, lisukume nje bomba lenye vitundu vya ubavuni kwa kijiti cha mti kutokea juu. Watu wengi hulisahau, na vitundu vile vikiziba kwa gundi ya petroli iliyokauka, hakuna ukubwa wa jeti utakaokuokoa.

Kwa usafi wenyewe, masaa machache ndani ya mafuta ya taa hulainisha gundi, kisha brashi ya meno, maji ya moto na sabuni ya vyombo, halafu spirei ya kusafishia kabureta kwenye kila njia. Toa kwanza boya, lile linaloelea ndani ya kikombe na kufunga mafuta kikijaa, na kila kitu cha mpira. Wapo wanaochemsha kabureta kwenye maji ya ndimu, na kweli inatoka inang'aa. Ila mwili wa kabureta nyingi ni aloi yenye zinki, na asidi inaila zinki. Dakika kumi na suuza ya uhakika zinavumilika. Kuiacha ilale humo usiku kucha ni kuitafuna. Mng'ao wa nje haukusaidii kitu, unachotafuta ni njia zilizo wazi. Puliza spirei kwenye njia ya jeti ndogo: lazima itoke kwenye vitundu vidogo upande wa injini, chini ya ukingo wa pistoni. Isipotoka hapo, hujamaliza, hata kama kabureta inang'aa kama sahani ya harusi. Linda macho, kwa sababu spirei hurudi kupitia tundu usilolitegemea.

Kifurushi cha ripea nakiunga mkono nusu. Gasketi, oringi na sindano ya boya yenye ncha ya mpira, chukua. Jeti na sindano ya pistoni za ndani yake ziweke pembeni, rudisha za kiwandani. Katika kabureta hizi jeti kubwa mara nyingi huwa kati ya 95 na 105, na jeti ndogo kati ya 35 na 40, kwa hiyo soma nambari ya ile iliyotoka kabla hujaamini kitu chochote kilichokuja kwenye mfuko wa nailoni. Shaba ya zamani ina haki ya kubadilishwa kwa sababu mbili tu. Moja, imeshachokonolewa. Mbili, sindano ya pistoni ina mchubuko unaousikia kwa ukucha, na tundu inamopita limekuwa yai. Hiyo hutokea kwenye pikipiki iliyotembea sana, na dalili yake ni ulaji mkubwa wa mafuta ukiwa umevuta mkono robo hadi nusu. Hapo badilisha vyote viwili pamoja, sindano na tundu lake.

Boya ndilo linaloamua kila kitu kingine, na ndilo linalopewa muda mfupi zaidi. Likiruhusu mafuta kupanda mno, utaona kabureta inavuja au, kibaya zaidi, huoni chochote kwa sababu petroli inapita kimya kimya hadi kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili unuse. Ikinuka petroli na kiwango kimepanda, mwaga oili hiyo kabla ya kuwasha, kwani imeshakuwa nyepesi na vyuma vitasagana. Chunguza ncha ya sindano ya boya: ikiwa na alama ya duara iliyozama, imeisha. Kiti chake mara nyingi hakifunguki, hivyo king'arishe kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti na Brasso kidogo, kisha suuza. Ukishafunga, geuza kabureta juu chini na upulize kwa mdomo kwenye bomba la kuingizia mafuta. Pumzi isipite. Igeuze wima, pumzi ipite.

Kwa urefu wa boya, ulaze mwili kwa mshazari ili ulimi uguse sindano bila kukandamiza kile kipini chake chenye springi, ndipo upime kutoka ukingo wa gasketi. Pima hivyo hivyo kabla ya kubomoa pia, ili uwe na cha kulinganisha nacho. Kipimo cha mwisho ni mpira unaoonyesha ndani: uchomeke kwenye bomba la kumwagia la kikombe, uuinue pembeni, fungua skrubu ya kumwagia. Mafuta yanatakiwa kusimama chini kidogo ya mstari wa gasketi. Yakipita mstari, kunja ulimi wa boya kidogo kuelekea kwenye sindano. Ulimi ukiwa wa plastiki usiukunje, utavunjika, badilisha boya.

Kisha kuna silikoni. Uso wa kabureta unaokaa kwenye injini hujipinda kwa sababu bolti mbili za pembeni hukazwa kama za gurudumu, katikati pakabaki uwazi, na fundi akajaza silikoni. Petroli inaivimbisha silikoni, vipande vinang'oka na kuingia kwenye injini. Dawa ni kioo cha dirisha na msasa namba 240: sugua uso kwa mwendo wa nane mpaka mikwaruzo ienee kote, malizia na 400, osha, weka oringi mpya, kaza kwa kupokezana bolti hii na ile. Injini ikiwaka, rushia maji kidogo kwenye kiungio. Mlio ukibadilika, hewa bado inapita.

Kurudisha pistoni ni rahisi ila kuna hatari moja: ule mkato wa chini uangalie upande wa chujio la hewa, na mfereji wa ubavuni uingie kwenye pini yake. Ukiigeuza, pistoni haishuki mpaka chini na injini itawaka ikipiga kelele ya mzunguko wa juu. Vuta na uachie mkono mara kadhaa kabla ya kupiga kiki. Usikie pistoni ikigonga chini.

Weka skrubu ya mchanganyiko mzunguko mmoja na nusu kutoka chini, washa, acha injini ipate moto wa kweli, ndipo usete. Skrubu ikiwa upande wa chujio inaongoza hewa, ukiifungua unapunguza utajiri wa mafuta. Ikiwa upande wa injini inaongoza mafuta, na mambo ni kinyume chake. Tafuta mahali mzunguko unapokuwa juu zaidi, kisha rudisha sailensi kwenye mizunguko 1,400 hivi kwa dakika kwa skrubu ya pistoni. Skrubu ya hewa ikikulazimisha kuifungua mizunguko mitatu ndipo injini itulie, jeti ndogo ni kubwa mno, na huenda unaijua sababu.

Pikipiki iliyosetiwa Dar es Salaam au Mombasa ikihamia Mbeya au Nairobi, ambako ni zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, itakuwa na mafuta mengi kupita hewa. Shusha jeti kubwa kidogo, mfano kutoka 100 kwenda 95, au pandisha kibanio cha sindano mfereji mmoja ili sindano ishuke. Jeti ya zamani ifunge kwenye karatasi, iandike nambari, umpe mwenye pikipiki. Akirudi pwani ataihitaji.