Kuwaza Sana Ni Jambo Moja, Ugonjwa wa Wasiwasi Ni Jingine

Siku hizi hapa Mombasa OCD, yaani ugonjwa wa wasiwasi unaomlazimisha mtu kurudiarudia mambo, imekuwa kama pambo la mazungumzo. Anayependa viatu vipangwe sawasawa mlangoni anasema ana OCD. Aliyekesha akiwazia meseji isiyojibiwa naye anasema hivyo hivyo. Na walio wagonjwa kweli wanaambiwa na jamaa zao, "Wewe unawaza sana, punguza mawazo." Yote mawili yananiudhi, lakini hili la pili ndilo linaloumiza watu.

Kuwaza sana sote tunakujua. Kodi ya nyumba imefika na mshahara haujaingia. Karo ya mtoto haijulikani itatoka wapi. Bosi kakujibu kwa mkato, nawe unarudia maneno yake njia nzima mpaka kivuko cha Likoni. Usingizi unaruka, kweli, lakini lipo jambo lenyewe, na likitatuka mawazo yanapungua. Akija rafiki mkakaa barazani mkanywa kahawa, unasahau kidogo.

OCD haiendi hivyo. Jambo limeshakwisha, na moyo unakataa kwamba limekwisha.

Yuko kijana mtaani kwetu, mamake ameniruhusu nisimulie bila kumtaja. Shida yake iko kwenye udhu, kule kujiosha kabla ya swala. Sunna ni kuosha kila kiungo mara tatu, na kwa sisi wa madhehebu ya Shafii kuzidisha ni makuruhu, jambo lisilopendeza; hayo anayajua vizuri, chuoni amesoma. Lakini akifika kwenye kisigino anahisi pamebaki pakavu, anaanza tena tangu viganja. Maji ya bomba kwao ni ya bahati, wananunua ya mkokoteni, na mtungi wa lita 20 humalizika kwa udhu mmoja. Kisha anatoka:

"Mama, umeniona nikipaka maji kichwani?"

"Nimekuona, mwanangu."

"Hata nyuma?"

"Hata nyuma, babangu."

Anatulia. Kabla mkeka haujatandikwa, amerudi bafuni. Alasiri inaadhiniwa yumo ndani, watu wanatoka msikitini bado yumo, ngozi ya vidole imepasuka.

Tofauti, kwa maoni yangu, iko kwenye amri inayokuja na wazo, wala si wingi wa mawazo. Wazo linaingia bila hodi, linatisha, kisha linadai: osha, hesabu, rudi ukaangalie gesi, uliza tena. Ukitii unapata nafuu fupi, na nafuu hiyo ndiyo inayokufunza kutii tena, kama upele unaozidi kuwasha kila ukiukuna. Madaktari huangalia iwapo mambo haya yanakula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanamtesa mtu na kumharibia kazi, masomo na nyumba.

Wazo baya peke yake si ugonjwa. Mwaka 1978 watafiti Rachman na de Silva, kule Uingereza, waliwauliza watu wasio wagonjwa, na karibu 80 kati ya kila 100 walikiri kuwa nao hujiwa na mawazo ya kutisha wasiyoyataka. Wengi wetu tunayaacha yapite. Mgonjwa anayachukua kama ushahidi juu ya nafsi yake. Mama mwenye mtoto mchanga anapitiwa na wazo la kumchoma kisu, anaficha visu vyote vya jikoni na kukataa kuachwa peke yake na mwanawe. Anampenda mno, ndiyo maana wazo lile linamuua kwa hofu. Mama huyu akiogopa kusema, naye nani atamjua?

Kisha kuna wale ambao amri wanaitekeleza kichwani, na hawa ndio wanaochanganywa zaidi na watu wa mawazo mengi. Mtu yuko kwenye matatu ya Mtwapa, ametulia, kumbe anapitia tena barabara yote aliyoendesha jana, pinda kwa pinda, ahakikishe hakumgonga mtu. Ukimuuliza, "Nawaza tu." Mtu kama huyu mwulize: ukiliacha swali hilo bila jibu mpaka kesho, itakuwaje? Si kipimo cha hospitali, lakini hofu itakayomjaa usoni itakwambia mengi.

Na asije mtu akaniambia haya ni maradhi ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya wasiwasi akiutenga na huzuni na woga, na akautaja kuwa wa kutibiwa. Sipingi mtu kusomewa Kurani. Ninachopinga ni kijana kuzungushwa kwa waganga miaka na miaka huku hajaonwa na daktari hata mara moja. Masheikhe wetu humwambia mwenye wasiwasi asirudie, kwa kuwa yakini haiondolewi na shaka. Tazama ilivyo karibu na tiba aliyoianzisha Victor Meyer huko London mwaka 1966: mgonjwa anakabili kinachomtisha, hatua kwa hatua, na anasaidiwa asifanye kile anachoamriwa na wazo. Ziko na dawa, kama fluoksetini na sertralini, ambazo kwa ugonjwa huu huweza kuchukua wiki 8 hadi 12 kabla ya kuonyesha kazi yake, kwa hivyo asiziache wiki ya pili akisema hazifai.

Ukienda hospitali, iwe Makadara au Port Reitz, usimwambie daktari "nina mawazo mengi". Kwa maneno hayo utarudi na vidonge vya usingizi. Mwambie unarudia nini, kinakuchukulia saa ngapi kwa siku, na unahisi nini ukijizuia.