Nani Aliketishwa na Nani Aliachwa: Wanawake Watabiri katika Dari ya Sistina

Kwenye dari ya Kanisa Dogo la Sistina huko Vatikani, ambayo Michelangelo aliichora kwa amri ya Papa Julius II kati ya 1508 na 1512, wameketi watabiri 12: manabii saba wa Agano la Kale, wote wanaume, na masibila watano, yaani wanawake watabiri wa simulizi za Wagiriki na Warumi wa kale. Wanaoiona kazi hii kuwa heshima kubwa kwa mwanamke wana hoja nzito. Masibila hawa wanapishana na manabii kwa zamu, viti vyao vya enzi ni vya namna moja, maumbo yao ni makubwa vilevile, na kila mmoja ana kitabu au hati, kama mtu mwenye elimu. Sibila wa Cumae ni ajuza, lakini mchoraji amempa mabega na mikono yenye nguvu ya kutisha.

Wapo wanaolalamika kwamba nguvu hiyo ni ya kiume, kwa kuwa mchoro wa maandalizi wa Sibila wa Libya, uliohifadhiwa Metropolitan Museum mjini New York, unaonyesha mgongo wa kijana wa kiume. Lalamiko hilo halinisumbui sana, kwa sababu kutumia vielelezo vya kiume ilikuwa desturi ya karakana za wakati ule. Linalonisumbua zaidi ni kwamba sibila huyo wa Afrika amepewa nywele za dhahabu, na kwamba manabii wanawake wa Biblia yenyewe, Miriamu, Debora na Hulda, hawakupewa kiti hata kimoja.

Watetezi watajibu kwamba mpango huo una msingi wa kale: Lactantius na Augustino, waandishi wa Kikristo wa karne za mwanzo, walikwisha kuyasoma maneno ya masibila kuwa habari za Kristo kwa mataifa, kama manabii walivyoipelekea Israeli. Jibu hilo linaeleza kwa nini masibila wamo. Halielezi kwa nini Hulda hayumo. Kitabu cha torati kilipoonekana hekaluni, ni kwake mfalme Yosia alikotuma wajumbe, kuhani Hilkia akiwa miongoni mwao, na ni yeye aliyewapa neno la Mungu. Kwa mpangilio wa Sistina, unabii wa Maandiko umebaki mali ya wanaume, na mwanamke ameachiwa ule wa simulizi. Hulda angeweza kuketi katika kimojawapo cha vile viti saba bila teolojia ya dari ile kupungukiwa na chochote.