Giza la Kulipia

Juzi usiku tumekaa mkekani tunakula, umeme ukakatika. Mie nikasonya kama kawaida yangu. Mtoto wa dada yangu, anayefanya kazi jikoni kwenye hoteli moja huko Nungwi, akacheka kizani: "Mjomba, usinune. Paris watu wanalipia hivi."

Nikajua huyu simu ishamharibu. Kumbe kweli, yakhe! Kuna mkahawa Paris tangu 2004, unaitwa Dans le Noir. Unaingia giza totoro, simu unaiacha nje, na wanaokuhudumia ni vipofu, maana humo wao ndio wanaojua njia. Unakula hujui unakula nini, kisha unatoa mapesa na unashukuru.

Sasa mie nauliza, changu nakidai kwa nani? Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima tulikuwa kizani, umeme wa kutoka bara umekatika njiani. Miezi mitatu! Hakuna Mfaransa hata mmoja aliyekuja kutupa hongera.

Tena nyie hamjui mie kilichonikuta kwenye giza lile. Kandili ilikuwa moja, mafuta ya taa tunapimiana kwa kifuniko, basi siku hiyo ikabidi tule sinia moja nyumba nzima, hata mama mkwe, ambaye siku zote kwa heshima yake hula ndani na wanawake wenziwe. Wali wa nazi, na juu yake nguru wa kukaanga. Kipande kimoja cha mgongoni, kinene, kimeiva rangi ya karafuu kavu, nilikuwa nimekipigia hesabu tangu bismillahi. Kandili ikazimika.

Nikapeleka mkono polepole. Nikakipata. Kikavutwa. Nikavuta. Kikavutwa zaidi, na hakuna aliyesema kitu, sinia nzima kimya, nasikia watu wanatafuna tu. Nikasogeza kidole nijue ni nani mwizi huyu, kikagusa bangili. Dhahabu ya kizamani, ile nene, na nyumbani kwetu anayo mtu mmoja tu. Niliachia, wallahi, kama niliyepigwa na shoti, na umeme wenyewe hakuna! Kandili ilipowashwa, mama mkwe anajipangusa midomo kwa ncha ya kanga, ananitazama kwa huruma: "Mwanangu, mbona huli samaki?"

Nikala wali na pilipili ya kusaga.

Basi kijana hakuishia Paris. Akanipachika simu usoni. Ubelgiji tangu 2006 kuna meza inanyanyuliwa na winchi mita 50 juu, watu 22 wamefungwa mikanda kama abiria wa ndege, wanakula miguu inaning'inia. Nikamwambia mie nakaa Michenzani ghorofa ya tano, mtungi wa gesi naupandisha begani, na winchi sijaiona. Akanionyesha Maldives, mkahawa wa 2005, watu 14 wamekaa ndani ya kioo mita 5 chini ya bahari. Samaki wanapita nje wanawaangalia wenzao sahanini. Hapo mie tonge lisingepita.

Ila kilichonikera zaidi ni bunju. Bunju, jamani! Yule samaki akivuliwa anajitunisha tumbo, watoto wanampiga mateke kama mpira pwani, na mvuvi akimkuta wavuni anamtupa huku anamlaani, maana ana sumu isiyo na dawa. Japani wanamwita fugu, mpishi anasomea miaka na kupewa leseni ndiyo amguse, na mlaji analipa pesa nyingi ili asife. Mie huo ustadi wa kutokufa naufanya kila siku kwenye daladala, na nauli nalipa palepale.

Iceland nako wana papa, mbichi ana sumu, wanamchachusha wiki kadhaa kisha wanamtundika miezi, ananuka mkojo, wanamwita hákarl. Kijana ananihadithia hayo anaziba pua, na mchana kala mchuzi wa papa mkavu nyumbani kwangu mpaka kalamba kidole. Indonesia wao kuna kahawa ambayo buni zake kwanza zinapita tumboni mwa mnyama wa jamii ya ngawa, ndiyo zinaokotwa, zinaoshwa, zinakaangwa, na ni katika kahawa ghali duniani. Niliyasema haya barazani. Muuza kahawa akatazama dele lake, akanitazama mie, akaninyang'anya kikombe.

Na jongoo bahari je? Hapa kwetu watu wanamwokota pwani, anachemshwa, anakaushwa, anakwenda China kuliwa kwenye karamu. Mie nikimkanyaga naosha mguu mara tatu.

Sasa kijana kapata fikra. Anataka kufungua chumba cha giza kwa watalii, lakini kwanza tukijaribu wenyewe, Jumamosi, kwangu, wali wa nazi na nguru. Mke wangu kakubali hata hajaniuliza. Na wazee nao wamealikwa.

Jumamosi mama mkwe kafika tangu alaasiri, hajawahi kuwahi hivyo hata kwenye harusi ya bintiye. Nikaenda kumwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika vizuri, akakaa mkekani upande uleule wa zamani, akauliza taa zinazimwa saa ngapi.

Nikatupa jicho mkononi mwake. Bangili kaivua.