Kama unawinda kulungu msituni, leva inakutosha kabisa

Niseme msimamo wangu mapema: mtu anayewinda kulungu kwenye msitu mnene hana haja ya bunduki ya kupiga yadi 500. Anahitaji bunduki fupi, nyepesi, inayofika begani haraka na ambayo ameizoea mpaka mikono inajua yenyewe cha kufanya, na kwa kazi hiyo mi sijaona kitu kinachoipita bunduki ya leva, ile unayoipakia upya kwa kusukuma mkono wa chuma ulio chini ya triga, ya .30-30 (hilo ni jina la risasi yake). Najua watu watasema hiyo ni ya zamani, ya kina cowboy, na kwamba bunduki ya bolti, ile unayoipakia kwa kuvuta mkono wa pembeni, inafika mbali zaidi. Kufika mbali ni kweli inafika. Lakini nenda kakae kwenye misitu ya Maine kule Marekani, au Adirondack kule New York, au milima ya Pennsylvania, utaona macho yenyewe hayafiki yadi 100, kulungu anakatiza katikati ya miti yuko yadi 40 au 60 au 80, anasimama kidogo, anageuza masikio, anaondoka, kwa hiyo kinachoamua hapo ni kama umeweza kuinua bunduki bila purukushani na kuweka risasi mahali pake ndani ya hizo sekunde chache.

Alafu kuna jambo ambalo wanaoikosoa leva huwa hawaligusi kabisa, jinsi inavyobebeka. Haina mkono wa bolti unaotokeza pembeni, haina magazini iliyotuna chini ya tumbo, ubavu wake ni bapa, ukiishika pale katikati mbele ya triga inatulia kiganjani na unaweza kutembea nayo asubuhi nzima mkono usichoke. Winchester 94, leva maarufu ya .30-30, yenye mtutu wa inchi 20 ina uzito wa kilo 3 hivi. Na nyie mnaotumia mkono wa kushoto, hii ni bunduki yenu, leva iko chini katikati, hamna haja ya kuzunguka kutafuta toleo maalum.

Sasa kuhusu kaliba, yani saizi ya risasi. Winchester 94 ilibuniwa na John Moses Browning na risasi ya .30-30 ikaja 1895, ikiwa ya kwanza Marekani ya kuwindia kutengenezwa kwa baruti isiyo na moshi, na bunduki zenyewe zimetengenezwa zaidi ya milioni 7, kwa hiyo hatuongelei kitu cha kubahatisha. Kwa viwango vya leo sio risasi ya kasi, kichwa cha risasi cha greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wake) kinatoka kwa futi kama 2,390 kwa sekunde na cha greni 170 kwa futi kama 2,200. Teke lake linavumilika, ndio maana watu wanaipiga vizuri, maana bunduki isiyokuumiza bega unaifanyia mazoezi na ile inayokuumiza unaiacha kabatini. Ukiiseti ipige katikati kwa yadi 100, ikifika yadi 200 imeshashuka kama inchi 8, na eneo la moyo na mapafu ya kulungu nalo ni upana wa inchi 8 hivi, yani hesabu yenyewe inakuonyesha pa kuishia. Kikomo changu ni yadi 150, tena nikiwa nimeegemea kitu, zaidi ya hapo namwacha apite.

Wengi sa hizi wanakimbilia .45-70 kwa sababu tundu lake la mtutu linatisha. Ni risasi ya heshima, ilitoka kwa jeshi la Marekani mwaka 1873, lakini kwa kulungu mkia-mweupe, huyu wa misitu ya Marekani, ni nguvu nyingi kuliko kazi, na zile zilizojazwa baruti nzito zinapiga teke la kukufanya ufumbe macho kabla hujavuta triga. Mtu akishaanza kufumba macho kumrudisha ni kazi. Kama unataka kichwa kizito kuliko .30-30, .35 Remington ni tamu sana msituni ila risasi zake sio rahisi kupata. .44 Magnum ni nzuri kwa mtu anayepiga chini ya yadi 100, na .357 Magnum ningeiachia mtu mvumilivu anayesubiri kulungu afike karibu kabisa. Ila kabla ya yote soma sheria za jimbo lako, maana kwa mfano Ohio raifo ya kulungu lazima itumie risasi ya ganda lililonyooka, na .30-30 ganda lake limebanwa shingoni kwa hiyo hairuhusiwi. Huko ndiko .44, .45-70 na hii mpya ya .360 Buckhammer iliyotoka 2023 zinapata nafasi yake halali.

Winchester au Marlin, kampuni nyingine ya leva? Watu wanagombana sana kwa hili na mi naona jibu liko kwenye macho yako. Winchester 94 za zamani zinarusha ganda juu, kwa hiyo darubini haikai vizuri juu yake, mpaka walipobadilisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ganda likawa linatokea kwa mshazari. Marlin 336, iliyoanza 1948, inarusha ganda pembeni na juu ni chuma kizima, darubini inakaa bila shida. Kama macho yako bado yanaona kilengeo cha mbele vizuri chukua Winchester ya zamani, ni nyembamba na inateleza begani, kama unajua utahitaji darubini chukua Marlin usijitese. Marlin ina faida nyingine pia, ukifungua skrubu moja leva inatoka na bolti inavutwa nyuma, unasafisha mtutu kuanzia nyuma bila kukwaruza mdomo wake. Leva za kampuni ya Henry nazo ni imara, ila zile ambazo zinajazwa kupitia mbele ya bomba la risasi la chini ya mtutu tu mi huwa nazikwepa kwa kuwinda, maana kuongeza risasi inabidi mkono wako uende karibu na mdomo wa mtutu na hiyo siipendi hata kidogo.

Hapa kwenye bomba naomba tusikilizane vizuri. Leva nyingi zinabeba risasi kwenye bomba chini ya mtutu, zimepangana mstari mmoja, ncha ya hii inagusa kitako cha ile iliyoko mbele yake, na pale kitakoni katikati ndipo fataki ilipo, kile kidonge kinachowasha baruti kikigongwa. Ukiweka risasi za ncha kali ya kawaida, bunduki ikipiga teke ile ncha inaweza kuigonga fataki ya mbele na risasi ikalipuka ndani ya bomba huku mkono wako wa kushoto umeshika hapohapo. Ndio maana risasi za leva zina pua bapa au ya mviringo. Kuna zile za Hornady zinaitwa LEVERevolution zenye ncha ya plastiki laini inayobonyea, hizo zimetengenezwa kwa bomba na zinaongeza kasi na umbali kidogo. Anayetaka ncha kali za kawaida atafute leva isiyo na bomba, kama Browning BLR yenye magazini ya kuchomoa, au Savage 99 yenye magazini ya kuzunguka, ile iliyotokana na muundo wa 1899. Usikubali mtu akuambie "nimetumia miaka yote haijatokea kitu". Mkono ni wako.

Kwa kulenga, mi ni mtu wa kilengeo cha tundu kinachofungwa nyuma karibu na jicho. Hutafuti kupanga vitu vitatu kama kwenye vilengeo vya kiwandani, unaangalia kupitia tundu, jicho lenyewe linatafuta katikati, unaweka kinundu cha mbele kwenye mnyama basi. Kwenye mwanga hafifu wa alfajiri toa kile kisahani chenye kitundu kidogo ubaki na duara kubwa. Ukipendelea darubini chukua ndogo, ya kukuza mara 1 mpaka 4, uifunge chini kabisa, alafu uweke kile kipande cha kurefusha nyundo (chuma cha nyuma unachokivuta kwa gumba, kikianguka ndio risasi inalipuka) maana kidole gumba hakitapita vizuri chini ya darubini, hasa ukiwa na glavu.

Kuitumia sasa. Kosa ninaloona kila mara kwa wageni wa leva ni kuivuta kwa woga. Leva inasukumwa mpaka mwisho, kwa nguvu, na inarudishwa mpaka mwisho, kwa nguvu, na bunduki ikiwa bado begani. Ukiishia nusu njia ganda linabaki, risasi mpya inakwama, na kulungu keshaondoka. Hata usipoibana vizuri mwishoni triga haivutiki, hiyo imewekwa makusudi. Fanya mazoezi na risasi bandia nyumbani mpaka usifikirie tena. Kwenye kujaza, usizame na kidole mpaka ndani, sukuma risasi mpaka kitako chake kibaki kidogo kwenye mlango wa kujazia ulio ubavuni, inayofuata ndio iisukume, vidole vyako vitashukuru, ya mwisho tu ndio unaimalizia.

Nyundo ndiyo sehemu inayotaka utulivu kuliko zote, sana sana bunduki za zamani zisizo na kitufe cha usalama. Umeshaivuta, kulungu kaondoka, sasa lazima uishushe ikiwa juu ya risasi hai na vidole vimeganda kwa baridi. Elekeza mtutu kwenye udongo laini, bana nyundo kwa gumba imara, vuta triga, nyundo ikianza kusogea tu achia triga, alafu ishushe taratibu mpaka ikae kwenye nafasi ya nusu. Kama vidole havina nguvu toa glavu kwanza. Hakuna anayekukimbiza.

Na ukipata nafasi, subiri akupe ubavu, weka risasi nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi ya chini ya kifua, alafu hapohapo zungusha leva bila kushusha bunduki, angalia amekimbilia wapi na mti gani aliupita mwisho. Kasi ya leva ni kwa ajili ya hiyo risasi ya pili, kummalizia mnyama aliyepigwa asiteseke, ila haikupi ruhusa ya kumimina risasi vichakani. Akianguka machoni pako, mfuate na bunduki ikiwa tayari. Akipotea kaa chini nusu saa, usimfukuze, alafu nenda pale aliposimama utafute damu, ikiwa nyekundu ya kung'aa yenye povu basi ni mapafu na hajafika mbali, ikiwa nyeusi nyeusi au ina harufu ya tumbo rudi nyuma umpe masaa kadhaa kabla ya kumfuata.