Mitoko ya trena na wateja wake: tumuangalie na yule asiyekuja

Siku hizi hapa Dar trena, yaani mwalimu wa mazoezi wa kulipwa, akishapata wateja kumi na kitu lazima afungue grupu la WhatsApp, na grupu likichangamka tu haichukui muda tangazo linatua, jamani wikiendi tunatoka. Mara haikingi, kupanda vilima vya Pugu, mara jogingi daraja la Tanzanite mpaka Coco halafu supu, na ikifika Januari habari ni moja, Kilimanjaro Marathon nani anaenda Moshi. Wapo wanaosema hayo ndio maisha na wapo wanaosema mimi nalipia tizi, sijalipia marafiki. Naona wote wana hoja ila kuna mtu mmoja hatajwi kwenye huu ubishi, nitamfikia.

Nianze na uzuri, maana upo na ni mkubwa. Kinachowashinda wengi kwenye mazoezi ni kuendelea. Mwezi wa kwanza moto, wa pili anaanza "kochi leo nimebanwa ofisini", wa tatu humuoni kabisa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ukizigawa ni nusu saa kwa siku 5, sio nyingi, ila kuzifanya wiki nenda wiki rudi ukiwa peke yako na mtu unayemlipa akuhesabie skwati inachosha roho. Ukishafahamiana na yule dada anayekuja saa 12 asubuhi ambaye na yeye goti linamsumbua, siku ukikosa akakuuliza vipi mbona kimya, hiyo inakurudisha haraka kuliko meseji kumi za trena. Na wala sio kitu kigeni kwetu. Jogingi klabu za Temeke na Mbagala zinaishi hivyo, wikiendi asubuhi watu na tisheti zao wanakimbia barabarani wanaimba, wakimaliza wanakaa wanakunywa supu, mwenzao akifiwa wanachanga wanaenda msibani. Ukimuuliza mtu mbona hujaacha atakutajia watu, hatakutajia kilo.

Sasa matrena wengi wanachukua huo mfano wa klabu wanaubandika kwenye biashara yao na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Klabu ni ya wanachama, ina mwenyekiti, ina mweka hazina, mnakaa kikao mnakubaliana mchango na asiyeridhika anasema. Kwa trena hakuna kikao. Kila mteja kaja kivyake na sababu yake, wa presha, wa kitambi, wa harusi mwezi wa saba, na anayepanga mtoko ni huyohuyo anayepokea hela. Mteja akiambiwa safari ni elfu themanini anamkatalia nani? Anamkatalia mtu ambaye kesho asubuhi atasimama nyuma yake kumshikia chuma asije akadondokewa.

Halafu ile orodha. Mnaijua. Majina yamepangwa namba moja mpaka ishirini, aliyelipa ana tiki ya kijani, aliyelipa nusu kaandikiwa "nusu", asiyelipa jina liko tupu kila mtu analiona, na orodha inapostiwa upya kila asubuhi, jina tupu liko palepale. Huyo mtu hela ya mwezi ya mazoezi yenyewe kaipata kwa kujibana, pengine kaambiwa na daktari afanye mazoezi ndio maana yuko hapo. Kinachofuata anaanza kulikwepa grupu, baadae anamkwepa trena, mwisho anakwepa mazoezi. Mtoko uliowekwa ili watu wasiache ndio umemtoa, na trena atasema tu huyu hakuwa siriasi.

Kuna na suala la mwili. Tangu treni ya SGR ianze kwenda Morogoro Juni 2024 safari za Uluguru zimekuwa rahisi sana, mnaondoka alfajiri mnapanda mlimani Morningside jioni mko Dar, na kwa kweli ni raha. Ila kule ni kupanda tu. Jimu kila mmoja ana uzito wake na mapumziko yake, mlimani kundi linaenda kwa mwendo wa wenye pumzi na wa nyuma anajikaza asionekane mzigo. Mwenye sukari na mwenye presha trena anawajua, walimwambia siku ya kwanza. Basi aweke mtu wa kutembea na wa mwisho, na aseme kabla hamjaanza kwamba ukichoka unageukia hapa na fulani atarudi na wewe, tena aseme kwa wote ili mgonjwa asinyooshewe kidole.

Siku na chakula sitakaa sana, Jumapili asubuhi wa kanisani wamekosa, Jumamosi Wasabato wamekosa, na ukifanya baa ya kitimoto ndio kijiwe cha kukutania umeshawaacha Waislamu nyumbani hata kama kwenye tangazo uliandika wote mnakaribishwa. Badilisha siku, badilisha sehemu.

Picha nazo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti. Mtu kukubali kupiga picha na wenzake Coco sio kukubali uiweke Instagram ukaandika alikuja na kilo ngapi.

Kwa upande wa trena namuelewa pia. Wengi hawana mshahara, wanamlipa mwenye jimu ili watumie sehemu, na Januari ya ada za shule au Ramadhani wateja wanapungua. Mtoko unaleta rafiki wa mteja ambaye kesho naye ni mteja. Hilo ni halali kabisa, na kama kuna faida yake kwenye safari aiandike wazi, nauli hii, chakula hiki, usimamizi wangu huu. Watu wanakasirika wanapokuja kugundua wenyewe.

Ndio maana mimi napima kwa asiyekuja. Kama aliyebaki nyumbani Jumatatu anapata mazoezi yaleyale, uangalizi uleule, hajui utani uliozaliwa safarini lakini hakuna anayemuuliza hela, basi huo mtoko mzuri. Kama anarudi anajikuta wa pembeni hata kocha anaongea na "wale wa Moshi" tu, huo ni mbaya hata kama ulinoga.

Na kwa maoni yangu vidogo vinafanya kazi kuliko vikubwa. Dakika ishirini za chai na mihogo baada ya mazoezi ya Jumamosi, kila mtu anajinunulia, mwenye mtoto kaja naye, mwenye haraka kaondoka. Moshi iwepo mara moja kwa mwaka kwa wanaotaka, kuna km 42, 21 na hata 5, na michango iishie inbox ya trena.